Kutoka Mtwapa kuja Mtwara: nyumba ya kupanga Shangani, dalali na mama mwenye nyumba

Niseme kabisa mwanzoni ili mwenye haraka zake aende: nyumba naipa nyota nne, mama mwenye nyumba nne na nusu, dalali wa pili tatu, dalali wa kwanza simpi kitu na zile laki mbili zangu nimemwachia Mungu. Maji sijayapa nyota, nitayafikia huko chini.

Mimi mtu wa Mtwapa, ile ya Kenya, ukitoka Mombasa ukishavuka daraja ndio hapo. 2024 kazi ikanileta Mtwara, kusini mwa Tanzania. Siku ya kuniaga wenzangu utani ukawa huo huo, ati huyu hahami, anabadilisha herufi moja tu. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimejiaminisha hivyo hivyo manake niliona pwani naijua, kusi na kaskazi nazijua, samaki nawajua, Kiswahili ndio usiseme, nimezaliwa nacho, sasa nani wa kunibabaisha kwa nyumba ya kupanga? Ningehamia Ujerumani ningejipanga, ningesema lugha itanipiga chenga. Kumbe Kiswahili ndicho kilichonipiga.

Kazi yenyewe ni ya mizigo. Serikali ya huku iliamua korosho za kusini zisafirishwe kupitia bandari ya Mtwara badala ya kupakiwa kwenye malori mpaka Dar, kampuni zikawa zinaleta watu kabla msimu haujafunguliwa mwezi wa kumi, na mimi nikaambiwa niwe nimefika mwezi wa nane, nyumba nitafute mwenyewe, kampuni italipa kodi mpaka kiwango fulani kinachozidi juu yangu.

Dalali wa kwanza nilimpata kwa simu nikiwa bado Mtwapa, namba nilipewa na mtu aliyepewa na mtu. Mcheshi huyo, kila baada ya neno moja "dada yangu", "usijali dada yangu, umefika". Akanitumia picha, nyumba nyeupe, tailizi zinang'aa, makabati ya jikoni, feni kila chumba, laki tatu kwa mwezi, Shangani, bahari hapo tu. Akasema kuna mtu wa benki anaitaka kesho asubuhi kwa hiyo nitume hela ya kuishikia, laki mbili. Shilingi yetu moja wakati ule ilikuwa inaenda kama ishirini za huku, nikapiga hesabu nikaona ni elfu kumi ya kwetu, si hela ya kufa mtu, nikamwomba binamu yangu aliyeko Tanga amtumie. Nimefika Mtwara namba haipatikani. Siku moja nikakaa nikaziangalia zile picha kwa utulivu, dirisha la sebuleni kwa nyuma linaonyesha ghorofa refu la vioo na jingine refu pembeni yake, na Mtwara hii maghorofa marefu unayahesabu kwa vidole, ukishakaa wiki mbili unayajua yote kwa sura. Ile nyumba bila shaka ipo, ila ipo mji mwingine.

Safari sitairefusha. Lungalunga, Horohoro, Tanga, Dar, halafu basi la kusini, kilomita kama 560, kutwa nzima. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita mwezi wa tano mwaka huo huo na kile kipande cha Somanga ambako barabara ilikatika bado tulipita mdogo mdogo kwenye vifusi. Nimeshuka nimechoka, nikachukua gesti, nikasema siku tatu nitakuwa nimepata nyumba. Nilikaa gesti siku kumi na sita.

Sasa dalali wa pili. Huyu nilimwona kwa macho, kijana wa bodaboda, mpole, anapajua kila pagale. Masharti yake akayasema mapema na hilo nampa sifa: elfu 20 ya kunizungusha, nipate nisipate, na nikipata namlipa kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake. Nikashtuka lakini nikaulizia kazini wakasema ndio utaratibu wa huku, usibishane. Kwetu kuna ajenti pia, lakini nyumba nyingi unatembea tu mtaani unaona kibao kimening'inizwa, unamwita keyateka, yule msimamizi wa nyumba, anakufungulia, mnamalizana. Huku kibao cha nyumba ya kupangisha nimeona mara mbili tu tangu nije. Nyumba zipo midomoni mwa watu.

Akaniambia, "Dada, ipo masta nzuri sana Chuno, laki na ishirini." Mimi kwa akili yangu ya Mtwapa masta ni kile chumba kikubwa cha wenye nyumba chenye bafu lake ndani, kwa hiyo nyumba yenye masta ni nyumba ya maana, vyumba viwili vitatu. Kwa laki na ishirini! Nikapanda bodaboda nimeshajiona nimenunua sofa. Tumefika, anafungua mlango, chumba kimoja. Choo kipo kwa ndani, kweli, kisafi, kina hadi kioo. Nikamuuliza nyumba iko wapi akaniangalia kama mimi ndio nina matatizo. Huku masta ni chumba kimoja chenye choo chake, basi, kile sisi tungekiita bedsita. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Siku ya pili Mikindani. Ni kama kilomita 10 nje ya mji na nisiseme uongo, moyo ulibaki kule. Mji wa zamani, nyumba za mawe, milango ya kuchongwa, baraza, bahari imeingia kama bakuli, nilihisi nimerudi Mombasa mji wa kale ila bila pikipiki za kukuparamia. Nyumba yenyewe dari limejaa popo na choo kiko uani unavuka na tochi. Nikasema hapana, na mpaka leo nikipita naiangalia.

Ligula nikapata nzuri kabisa, vyumba viwili, sebule, jiko, karibu na hospitali ya rufaa, laki mbili na nusu. Kila kitu sawa mpaka nilipouliza umeme. "Mnachangia, dada." LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, familia tano. Sasa mmoja wao nikamwona uani kwake ana mashine ya kuchomelea mageti. Nikamuuliza dalali yule fundi anachangia shilingi ngapi, akasema wote sawa sawa. Tukaondoka.

Yani ikafika mahali nikawa kila neno nauliza mara mbili. "Maji yapo" maana yake bomba lipo. "Hapo tu" ni mwendo wa nusu saa. "Nyumba mpya" haijawekwa madirisha. Na neno apatimenti, ambalo kwetu ni ghorofa, ngazi, kamba za nguo kwenye varanda na mtoto wa juu anayerusha maji, huku ukiambiwa apatimenti mara nyingi ni jengo moja la chini, refu, limekatwa vipande vitatu vinne ndani ya fensi moja, kila kipande mlango wake, baraza lake na LUKU yake. Hilo nililipenda. Ndilo nililopata.

Ni Shangani, upande wa mji ulioko jirani na bahari, mitaa mipana ya kushangaza. Nilimuuliza mzee mmoja kwa nini mji una mabarabara makubwa hivi na magari hakuna, akaniambia ulichorwa wakati wa Mwingereza na ule mradi wake wa karanga wa 1947, wakajenga na bandari na reli ya kwenda Nachingwea, karanga zikagoma, reli ikaja kung'olewa, mitaa ikabaki. Kwa hiyo unaishi kwenye mji uliochorewa watu wengi kuliko waliokuja, na kwa mtu aliyezoea foleni ya Mtwapa jioni hiyo peke yake ni nyota nzima.

Jengo letu lina vipande vinne na mbele yake ndani ya fensi hiyo hiyo anakaa mama mwenye nyumba. Changu ni vyumba viwili, kimoja masta (sasa naongea kama wao), sebule, jiko la ndani lenye makabati, tailizi, jipsamu juu. Kitu cha kuchekesha ni matundu ya AC. Kila chumba kina tundu la AC na soketi yake ile kubwa juu ukutani, matatu jumla, lakini AC ni moja. Mengine yamezibwa na mbao na moja lina kiota cha jurawa na mama kakataa kisitolewe. Nilipomuuliza akacheka, akasema, "Mwanangu, hii nyumba niliwajengea Wazungu wa gesi."

Hapo ndio nikaelewa Mtwara. Wenyeji mnalijua hili, mniwie radhi. Miaka ile ya 2011, 2012, 2013, gesi ya baharini imegunduliwa, kampuni za nje zimejaa, kila mwenye kiwanja Shangani akachukua mkopo akajenga, kodi zikatajwa kwa dola na kwa mwaka mzima. Halafu bei ya mafuta ikaanguka duniani, bomba la gesi likakamilika 2015 gesi ikaenda zake Dar, watu wa kampuni wakafunga mabegi. Nyumba zikabaki na mageti yake na matundu yake ya AC. Mama anasema kipande changu mpangaji wa kwanza kumlipa kwa dola ndiye aliyekuwa wa mwisho kumlipa kwa dola. Kwa mpangaji wa leo hii ni habari njema, unapata nyumba iliyojengwa kwa mfuko wa Mzungu kwa bei ya mtu wa kawaida, soketi za kutosha, hita ya maji bafuni, waya za umeme zimepitishwa na fundi anayejua kazi.

Bei aliyotaja ni laki nne kwa mwezi. Kwetu ni kama elfu 20, na Mtwapa nilikuwa nalipa elfu 18 kwa nyumba ndogo kuliko hii na majirani wanaopigana. Nikasema sawa kabla hajamaliza sentensi. Nikatoa simu nimlipe mwezi mmoja na depoziti kama tunavyofanya. Mama akaniangalia kwa huruma kabisa. "Miezi sita, mwanangu."

Milioni mbili na laki nne. Kwa mkupuo.

Nikajaribu kumweleza habari za mwezi kwa mwezi, kwamba kwetu tarehe tano hela imeingia, hata siku moja sijachelewa, akawa ananisikiliza vizuri tu kama anamsikiliza mtoto anayeeleza ndoto. Depoziti hataki, hana habari nayo. Na ukiangalia kwa upande mwingine si mbaya, manake depoziti ya kwetu ukitoka kwenye nyumba unairudisha kwa vita, utaambiwa rangi, utaambiwa kitasa, mwisho unasamehe. Huku ukiondoka unaondoka. Lakini sita!

Nilikuja kujua sababu baadaye na naiandika hapa kwa sababu hakuna dalali atakayekwambia. Mama ana mashamba ya mikorosho Tandahimba. Kuanzia mwezi wa nne wa tano kuna palizi, halafu kupulizia dawa mpaka huko mwezi wa nane wa tisa, vibarua wanataka hela mkononi, na korosho haijazaa hata moja. Hela ya korosho inaingia kuanzia mwezi wa kumi na moja minada ikishaanza. Kwa hiyo wewe mpangaji ndio benki yake katikati ya mwaka. Mimi nimefika mwezi wa nane ndani ya kiu yenyewe, angenipunguzia vipi? Mwisho wa mwezi wa pili 2025 mkataba ulipoisha, msimu ulikuwa umemnyookea, kilo ilipita shilingi 4,000 kwenye minada ya mwanzo, mama amenunua friji mpya na anaimba, nikamwomba miezi mitatu mitatu akasema haina neno kabisa. Nikajiona mjanja. Mwezi wa sita miezi mitatu imeisha, nikapeleka mitatu mingine, akaipokea, akaniuliza kwa upole mingine ipo wapi. Kwa hiyo ukitaka kubembeleza mwenye nyumba wa huku, angalia kwanza mikorosho iko hatua gani.

Kodi sasa. Kwetu tukisema kodi ya nyumba imeisha hiyo. Huku nimekutana na kodi tatu kwenye nyumba moja.

Ya kwanza ni hiyo ya mama. Ya pili ni kodi ya zuio. Kampuni ikilipia pango inatakiwa ikate asilimia 10 iipeleke TRA, mamlaka ya mapato ya huku, mwenye nyumba anapewa cheti chake kwamba kodi yake imeshakatwa. Mhasibu wetu akaniambia hivyo kwa kawaida tu nami nikampelekea mama habari kwa kawaida tu, na ndio siku pekee aliyonikasirikia. "Mimi nimesema laki nne. Sijasema laki tatu na sitini." Nikamwambia mama, hela haijaliwa na mtu, imeenda serikalini kwa jina lako. Akasema serikali imemjua lini. Ikabidi apigiwe mwanawe aliyeko Dar, akamweleza kwa Kimakonde dakika kama ishirini, mimi nimekaa kwenye jamvi nasubiri hukumu, nasikia tu "TRA" na "Nkenya". Mwisho tukakutana kwenye laki nne na thelathini, zikikatwa anabaki na laki tatu na themanini na saba, kampuni ikakubali, mama akanipikia ming'oko kuonyesha yameisha. Ming'oko kwa msiojua ni mizizi fulani ya porini, inachemshwa, unaimenya unatafuna, tamu yake ya polepole. Siku ile niliona ni kitu kitamu kuliko vyote duniani.

Ya tatu hiyo ilinipiga kimya kimya. Siku ya kuhamia nikanunua umeme wa elfu 20, nikaletewa uniti ishirini na kitu. Umeme wa huku najua ni nafuu kuliko stima ya kwetu, uniti moja ni kama shilingi 356 na kodi zake, kwa hiyo nilitegemea hamsini na kitu. Kumbe kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mita yangu ilikaa miezi saba hakuna aliyenunua umeme kwa hiyo deni lilikuwa linanisubiri mlangoni, 10,500. Na hiyo kodi ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Nilimwonyesha mama meseji akalipa palepale bila neno, na tangu hapo kila miezi sita tunajumlisha elfu tisa anaitoa kwenye kodi yangu. Wapangaji wenzangu watatu walikuwa hawajawahi kumdai, ati wanaona aibu kwa elfu moja mia tano. Mimi sina aibu hiyo.

Mkataba wenyewe ulikuwa nusu karatasi, umechapwa stationari, unasema fulani amempangisha fulani kwa kiasi kadhaa, sahihi. Nikaomba tuongeze. Nani anatengeneza nini kikiharibika, notisi miezi mingapi, kodi ya majengo ya nani, bei haipandi kabla ya mwaka. Mama hakukataa hata kimoja, ila alikuwa anauliza, "Kwani utaniibia?" Nadhani kwake kuandika kila kitu ni kama kumwambia humwamini. Tukasaini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye alitaka kopi ya pasipoti na kibali cha ukaazi, mgeni wa nje lazima ajulikane anakaa wapi, akauliza mimi wa wapi, nikasema Mtwapa. Akasema Mtwara naijua mama, nauliza ulikotoka. Hiyo sasa nimeizoea.

Haya, maji.

Maji ya bomba hapa kwenye jengo letu yanakuja mara mbili kwa wiki, usiku, hakuna anayejua usiku gani. Kuna tenki la lita 2,000 juu ya mnara kwa vipande vyote vinne, na hapo ndio shida, si kwenye bomba. Mwenzetu wa kipande cha kwanza alifungua saluni sebuleni kwake. Mwanamke mzuri, tunaongea, amenisuka mara tatu bila kunitoza, lakini Ijumaa na Jumamosi tenki linaisha saa nne asubuhi na mimi nimejipaka sabuni. Kuna kisima uani, maji yake chumvi, ya kudekia tu, ukifulia nguo nyeupe inageuka rangi ya chai. Mara mbili tumenunua boza la maji kwa kuchangishana na mara zote mbili ikawa ugomvi wa nani ametumia zaidi. Nilimweleza mama, akaniita pembeni, "Mwanangu yule ana watoto wanne na mume hayupo, nimwambie afunge saluni?" Sasa unajibu nini. Nikanunua tenki langu dogo la lita 500 nikaliweka nyuma jikoni, mama akachangia nusu, fundi bomba akaligawia laini yake. Tangu hapo sijaishiwa, ila hiyo ni hela na akili yangu, ndio maana nyota za maji sitoi.

Kitu kingine cha kusema ukweli ni kutu. Kusi ikianza kuvuma mwezi wa nne wa tano chumvi inaingia mpaka kabatini. Feni ya sebuleni inalia kama mlango, kitasa cha geti nimebadilisha mara mbili, pasi yangu niliyokuja nayo imekufa. Mtu wa pwani analijua hili, lakini hapa nyumba iko wazi zaidi, hakuna ghorofa la jirani la kukukinga. Tundu la AC la chumba cha wageni mbao yake ilianguka usiku wa upepo nikadhani nimeingiliwa. Upande wa pili wa huo huo upepo ni kwamba tangu nihamie AC nimewasha labda mara kumi na tano, kaskazi ikiwa kali, mwezi wa kwanza na wa pili. Usiku wa kusi unajifunika shuka mbili.

Usalama sina lawama. Geti linafungwa saa nne, mama halali mpaka ahesabu watu wake wote wameingia, na ukichelewa anakupigia. Mwanzoni nilikasirika, mimi mtu mzima, nimelipa kodi yangu. Siku niliyopata homa ndio nikaona faida yake. Saa mbili asubuhi hajaniona nikifagia baraza akagonga, saa tatu niko kwenye bajaji kwenda hospitali amenishika kichwa, akilaumu maji ya tenki, akimlaumu mwenye saluni, akinilaumu mimi na chipsi zangu. Keyateka wa Mtwapa nilikaa naye miaka mitano, alikuwa ananiita kwa namba ya mlango.

Kelele zipo kidogo. Shule zikifungwa katikati ya mwaka ni wakati wa kuwaweka wali na unyago, ngoma zinasikika kutoka upande wa Magomeni mpaka alfajiri, zinakuja na upepo zinaondoka na upepo. Wenye kazi za asubuhi watalalamika. Mimi nafungua dirisha.

Dalali wa pili nimempa nyota tatu na nitaeleza zimeenda wapi mbili. Moja ameipoteza kwa "hapo tu" zake. Nyingine ni kwamba alijua habari ya saluni na tenki, anakaa mtaa wa pili, dada yake anasukwa pale, na hakuniambia mpaka alipopokea laki nne yake. Nilipomuuliza akasema, "Dada hukuuliza kuhusu saluni." Kweli sikuuliza. Nilikuwa nimeuliza "maji yapo?"

Kama unakuja na unatafuta, kipande cha mwisho kulia kiko wazi tangu mwezi uliopita, yule mwalimu amehamishiwa Masasi. Kimefanana na changu ila jua la jioni linaingia jikoni moja kwa moja na matundu ya AC ni mawili, AC haipo kabisa. Mama anataka laki tatu na nusu, miezi sita, na kwa sasa mikorosho iko kwenye dawa kwa hiyo usijisumbue na mitatu. Muulize LUKU imekaa muda gani bila kununuliwa umeme, muulize tenki la nyuma unaruhusiwa kuweka, anaruhusu. Geti la bluu lenye kutu chini, gonga kwa jiwe, kengele haifanyi kazi, na ukiingia anza na shikamoo kabla hujasema habari ya nyumba.